Mwendo wa Kabla ya Kona

Siku mwenyekiti wa steji ya boda boda alipokuja kuniambia kwamba mdogo wangu ndiye ataongoza pikipiki za kumleta marehemu nyumbani, nilikuwa uani nachambua omena, dagaa wa ziwani, natoa mawe na vijiti. Sikuacha kuchambua. Yeye alisimama pale akingoja nifurahi. Kwetu, mwendesha boda boda akifa, wenzake humsindikiza kutoka mochari hadi kwao, makumi ya pikipiki yakitangulia gari la maiti, na anayekaa mbele kabisa si mtu wa kuokotwa. Ni yule ambaye steji nzima imekubali kwamba barabarani hana mpinzani.

"Mama, si useme kitu," alisema. "Hii ni heshima ya boma lenu."

"Nimesikia, mwenyekiti."

"Umesikia tu?"

"Nimesikia."

Akaenda zake. Mimi nikabaki na jambo moja kichwani, na lilikaa huko bila kelele, kama kitu kilichowekwa kwenye rafu: huyu mtoto atakufa kwenye kona. Sikulia, wala moyo haukunienda mbio. Nilijua tu, jinsi mtu anavyojua kwamba sukari imeisha.

Namwita mtoto ingawa ana ndevu. Nilimlea mimi. Sisi ni watatu. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla kaburi la mama halijaota majani vizuri, na mimi kifungua mimba nikaacha shule kidato cha kwanza. Mdogo wangu alikuwa hajaingia hata darasa la kwanza. Kati yetu yuko dada yetu, ambaye leo ni mwalimu mjini Migori. Nilipalilia miwa ya watu Awendo, nikakata, nikapakia, hadi nikaweza kununua pikipiki iliyokwishatumika, nikaingia steji nikiwa mwanamke peke yangu.

Walinicheka hadi wakachoka. "Nyako!" mmoja alikuwa akipiga kelele kila asubuhi, yaani msichana. "Nyako, hilo si jiko, halipulizwi!" Mwingine akadakia, "Abiria akimshika kiuno, bibi yake atakuja kuuliza sisi." Nilikaa kwenye zamu yangu. Zamu ikifika, nabeba mtu, narudi, nakaa tena. Baada ya muda wakapata kitu kingine cha kucheka.

Aliyenifundisha kuendesha alikuwa dereva wa trekta la miwa, mtu wa maneno machache. Alinipeleka kwenye shamba lililokwisha kukatwa, akapanga mashina ya miwa chini kwa duara, akaniambia nipite kando yake bila kuyagusa. Nilianguka sana. Alingoja niinuke, halafu akarudia yale yale: punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, weka gia ukiwa bado umenyooka, kisha ingia. Ukishalala na pikipiki usiguse breki. Shikilia mafuta kidogo, nayo itakupitisha.

"Na nikishaingia na mwendo mkubwa?" nilimuuliza.

"Basi umekosea huko nyuma. Mle ndani huna la kufanya."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekuonyesha bomba la maji liko wapi.

Mdogo wangu alipomaliza kidato cha nne, alichukua pikipiki na mimi nikahamia kwenye biashara ya omena. Haikuchukua muda akawa mwendeshaji bora kuliko mimi. Sisemi hivyo kwa kumsifu. Ana mwili unaosikia pikipiki, kama watu wengine walivyo na sikio la nyimbo. Siku ya soko Rangwe, wauza mitumba walimjua kabla hawajaiona sura yake, kwa jinsi alivyolala kwenye kona hadi chuma cha kukanyagia kikakwangua lami na kutoa cheche. Chuma cha kushoto kilikuwa kimelika upande mmoja. Alikionyesha watu kama askari anavyoonyesha kovu. Lakini kovu lenyewe hakuwa nalo. Hakuwahi kuanguka hata mara moja. Mtu aliyewahi kuanguka ana mahali mwilini panapomkumbusha, na yeye alikuwa mzima kila mahali.

Tulikuwa tukienda pamoja Homa Bay kuchukua omena, yeye mbele, mimi nyuma, na wakati wa kurudi gunia likawa kati yetu au nyuma yangu. Abiria anajua mambo ambayo mwendeshaji hayajui. Mwendeshaji ana mikono ya kushughulika nayo, abiria ana mapaja na mgongo tu. Nilikuwa nikihisi jinsi anavyofika kwenye kona na mwendo mwingi, akichelewa kushika breki, halafu akiishika mle ndani tukiwa tumeshalala. Pikipiki ilikuwa inajiinua, inataka kutoka nje ya barabara. Aliilazimisha kurudi. Kila mara ilikubali.

"Umeshika breki ndani," nilimwambia.

"Kidogo."

"Umeshika."

"Dada, si tumefika? Wewe unaendesha kama umebeba mayai."

"Nilikuwa nabeba mayai kweli. Hayakuvunjika."

"Na omena haivunjiki," alisema, akacheka. Ni mtu wa kuchekesha. Nilicheka pia, nafikiri.

Marehemu alikuwa rika lake na rafiki yake wa steji. Walikuwa wakifukuzana kutoka Homa Bay hadi Rongo, na jioni wanabishana nani alikuwa mbele. Alikufa mchana, barabara ikiwa kavu, chini ya mteremko mrefu ambapo barabara inapinda kushoto na upande wa kulia kuna kalavati ya kupitishia maji, yenye ukuta mfupi wa saruji. Katikati ya kona palikuwa na muwa mmoja ulioanguka kutoka kwenye lori. Aliukanyaga, akaenda kwenye ukuta.

Kwenye matanga walisema ni muwa. Wengine walisema malori ya miwa yachomwe. Wengine walisema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu aliyemwonea wivu, na kwamba pikipiki ile ilikuwa imefanyiwa kitu. Nilienda mwenyewe kupaona. Mama mmoja anayeuza ndizi kando ya ile kona aliniambia muwa ulikuwa pale tangu asubuhi.

"Wote wamepita," alisema. "Magari, baiskeli, punda. Hata mimi nimeuvuka nikienda kuchota maji."

Kitu kingine nilikijua, na steji nzima ilikijua. Vijana wengi huuteremka mlima ule injini ikiwa imezimwa, ili wasiunguze petroli, pikipiki ikishuka bure kama baiskeli. Ikiwa hivyo, hakuna injini ya kuizuia. Unafika chini na uzito wote wa mlima mgongoni. Waliomwokota marehemu walikuta ufunguo umezimwa. Hilo hakuna aliyelitaja kwenye matanga, na mimi sikulitaja, kwa sababu mama yake alikuwa ameketi hapo kwenye mkeka.

Dada yetu alinipigia simu kutoka Migori.

"Nasikia ataongoza. Mnyang'anye ufunguo."

"Ataazima pikipiki ya mtu."

"Basi mfungie ndani."

"Ana ndevu."

"Wewe ndiye uliyemlea, si mimi. Hasikii mtu ila wewe."

"Hanisikii."

"Sasa utafanya nini?"

Nilimwambia sijui. Nilichojua ni kwamba pikipiki yetu nazifahamu breki zake, na ya kuazima sizifahamu.

Siku moja kabla ya safari nilimkuta akiosha pikipiki. Alikuwa ameipaka mafuta hadi ikang'aa, na amefunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Niliinama nikaangalia tairi la nyuma. Lilikuwa limekwisha siku nyingi, naye badala ya kununua jingine alikuwa amempa fundi wa kandokando ya barabara, akalichonga upya kwa kisu cha moto. Mistari ilionekana mizuri, kama ya dukani.

"Hili limechongwa."

"Limechongwa vizuri."

"Hujaongeza raba. Umeipunguza."

"Kesho ni siku ya mwenzangu, dada. Si siku ya tairi."

Nililifungua hilo gurudumu mwenyewe, nikalipeleka mjini, nikarudi nalo likiwa na tairi jipya. Nilimkuta ameketi pale pale, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakunisaidia wala hakunizuia. Nilipokuwa nakaza nati nikamuuliza, "Kesho kwenye ile kona, utapita vipi?"

"Kama alivyopenda yeye."

"Yeye alipita vibaya."

"Usimseme vibaya mtu aliyekufa."

"Simsemi yeye. Nasema kona."

"Yeye alikanyaga muwa. Mimi nina macho."

"Hata yeye alikuwa nayo."

"Dada, mimi si yeye!" Aliinuka. "Alikuwa nyuma yangu kila siku. Kila siku. Hakuwahi kunipita." Macho yake yalikuwa mekundu, na nilipoyaona nilijua kwamba hapo ndipo dada mkubwa anapaswa kusema neno. Nilimaliza kukaza nati, nikaenda kuteka maji ya kuoga.

Ijumaa tulikuwa Homa Bay jua likiwa bado halijawa kali. Uwanja wa mochari ulijaa pikipiki zilizofungwa matawi mbele, injini zinanguruma, moshi unaingia machoni. Zamani, mwanamume akifa kwetu, wanaume walibeba mikuki na kukimbiza ng'ombe hadi mpakani, wakipiga kelele kukifukuza kifo kitoke bomani. Tunaita tero buru. Siku hizi ng'ombe ni wachache na vijana wa boda boda ndio wanaoifanya hiyo kazi, kwa pikipiki. Sisi ni Wasabato, na kanisa letu halipendi mambo haya, lakini steji si kanisa.

Mwenyekiti alipanda juu ya ukuta akatangaza utaratibu. Tukifika pale alipoangukia, msafara utasimama. Watu wa ukoo wataiita roho yake irudi nyumbani, isibaki ikizurura barabarani. Wakimaliza, vijana watapita kwenye kona ile, mmoja mmoja, wakizilaza pikipiki, ili kifo kione kwamba hakuna anayekiogopa. Wa kwanza atakuwa kiongozi. Vijana walipiga honi zote kwa pamoja. Mdogo wangu alisimama kando ya pikipiki, kofia ngumu ameipandisha juu ya paji la uso, hatabasamu.

Msalaba wa marehemu, wa mbao, umepakwa rangi nyeupe, ulitakiwa ubebwe na mtu anayeketi nyuma ya kiongozi. Ilikuwa imepangwa kwamba ni ndugu yake wa pekee, kijana wa shule ya upili. Alikuwa ameshaushika. Mama yake akatoka kwenye kivuli, akasimama mbele yake.

"Hapandi," alisema.

"Mama, ni desturi tu," mwenyekiti akamwambia polepole.

"Nimebaki na huyu. Ataketi na mimi ndani ya gari."

"Sasa msalaba utabebwa na nani? Mwenzetu hawezi kufika nyumbani bila msalaba mbele."

"Bebeni nyinyi. Si nyinyi ndio mnajua kuendesha?"

Mtu mmoja nyuma alizima injini yake.

"Nitaubeba mimi," nilisema.

Mdogo wangu akageuka. "Dada, wewe ni Msabato. Hujawahi hata kushika msalaba."

"Ni mbao."

"Hii si safari ya omena."

"Wacha mathe apande!" mmoja akapaza sauti, mathe yaani mama, jina wanaloniita vijana wa steji. "Tutafika kesho kutwa, lakini tutafika!" Watu wakacheka, kicheko cha siku ya msiba, kifupi. Mwenyekiti alimtazama mama wa marehemu. Mama alinitazama mimi, kwa muda, kisha akautoa msalaba mikononi mwa mwanawe akanipa.

Nilipanda. Sikuwa na mpango. Nilifikiri tu kwamba mtu anayejua kuendesha huendesha tofauti akiwa amembeba mtu wake, na kwamba kama hatafanya hivyo, basi sitakuwa nimekaa uani nachambua omena wakati wa kuletewa habari.

Aliendesha vizuri mwanzoni. Gari la maiti lilikuwa nyuma, na heshima ilimtuliza. Wengine walikuwa wanasimama juu ya viti, wengine wameketi wakiangalia nyuma, mmoja ameachia usukani na kukunja mikono kifuani. Msalaba ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na kila tulipopinda upepo uliushika kama tanga la mtumbwi ukataka kunigeuza. Niliubana na mapaja.

Kwenye mteremko msafara ukapunguza mwendo, ukasimama. Mjomba wa marehemu alishuka kwenye gari na tawi la mti mkononi, akaenda hadi kwenye ukuta wa kalavati, akalikokota lile tawi juu ya lami taratibu akimwita kwa jina, kwa Kijaluo. "Twende nyumbani. Hapa si kwenu. Mama yako amekuja kukuchukua." Akalirudisha tawi ndani ya gari, likawekwa juu ya jeneza. Wanawake walilia. Vijana wawili walikuwa wamesimamisha lori la miwa upande wa pili, na dereva alikuwa ametoka nje na kuvua kofia.

Kisha honi zikaanza.

"Shuka sasa," mdogo wangu aliniambia bila kugeuka.

"Sishuki."

"Dada, shuka. Naenda kumlazia pikipiki."

"Nenda. Niko."

"Ukiwa nyuma siwezi."

"Basi usiweze."

"Kiongozi!" walimpigia kelele. "Unangoja nini? Umeota mizizi?" "Muulize mathe kama amekupa ruhusa!" Kicheko kikaenda kutoka pikipiki hadi pikipiki. Niliona shingo yake inabadilika rangi. Akavuta klachi, akageuza pikipiki, akapanda mlima hadi mbali, akageuza tena.

Sikumwambia kitu. Sikumgusa bega. Nilijua kwamba nikimwambia apunguze mbele ya watu wale, hatapunguza.

Tukashuka. Nilisubiri breki kwa mapaja yangu, jinsi ninavyosubiri kila mara. Haikuja. Nikaona watu pande zote mbili, midomo wazi, simu zimeinuliwa. Haikuja. Tukalala kushoto, nikasikia chuma cha kukanyagia kinakwangua lami, na hapo ndipo aliposhika breki. Pikipiki ikainuka. Upepo ukauchukua msalaba, mikono yangu ikaenda kulia pamoja nao. Mstari wa katikati ukapita chini yetu. Ukafuata upande wa magari yanayokuja, halafu ukingo wa lami, halafu kokoto. Ukuta wa saruji ulipita karibu na goti langu, ukiwa na alama nyeusi ya tairi la marehemu. Mbele yetu kulikuwa na bampa la lori, lenye matope makavu na kipande cha kamba ya katani kinachoning'inia. Nakikumbuka vizuri hicho kipande cha kamba. Sikuogopa. Nilifikiri kwamba omena iko juani na hakuna wa kuianua.

Aliweka mguu chini, tukapepesuka, tukarudi kwenye lami kabla ya lori.

Watu walishangilia. Walidhani ni madoido. "Kiongozi!" walipiga kelele. "Kiongozi amekitemea kifo mate!" Wakaanza kupita mmoja mmoja, kila mmoja akitaka kwenda nje kama alivyokwenda yeye, akitaka kuugusa ukuta. Siku hiyo hakuna aliyeanguka. Mdogo wangu hakurudi kwa mara ya pili. Aliendelea mbele polepole upande wa Rongo, na msafara ukajipanga nyuma yetu ukidhani ndiyo ilivyopangwa. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni, na lilikuwa bado limelowa tulipofika.

Pale nyumbani kwa marehemu mama yake alipokea msalaba kutoka kwangu. "Ero kamano," alisema, asante, akaushika mkono wangu kwenye kifundo. Nyuma yangu, chini ya hema, nilimsikia mdogo wangu akiwaeleza wenzake.

"Ni mathe. Alikaa vibaya. Mimi nalaza huku, yeye anavuta kule."

"Ndiyo maana mimi sibebi wanawake kwenye kona," mmoja akasema. "Nawashusha, wanavuka kwa miguu, nawapakia ng'ambo." Wakacheka hadi wakapigana mabega.

Sikugeuka. Inawezekana nilivuta kule. Nimelifikiria sana na siwezi kusema hapana.

Jumamosi tulikwenda kanisani, mimi nikakaa upande wa wanawake, yeye akasinzia upande wa wanaume. Mazishi yalifanyika bila sisi. Jumapili asubuhi nilimwambia, "Umesema nilikaa vibaya. Twende unionyeshe jinsi ya kukaa."

Alinitazama kuona kama namtania. Sijui kutania vizuri, na yeye anajua. Akavaa viatu.

Barabara ilikuwa tupu. Watu wengi walikuwa kanisani. Mama wa ndizi alikuwa anapanga mikungu yake kando ya kona. Juu ya mlima mdogo wangu alisimamisha pikipiki, akaanza kunieleza: magoti yabane, kifua kimfuate mwendeshaji, usikaze mgongo. Nilimsikiliza hadi mwisho.

"Sijaelewa," nilimwambia. "Kaa wewe nyuma, nione."

"Mimi?"

"Nionyeshe."

Hakuwa amekaa nyuma ya mtu tangu nilipokuwa nikimpeleka shule. Alipanda kama anayepanda punda wa mtu, akakishika kile chuma cha kubebea mizigo kwa mikono yote miwili. Nilishusha pikipiki injini ikiwa imewaka, nikarudisha gia mapema, tukiwa bado tumenyooka.

"Dada, kona."

"Naiona."

"Punguza."

"Nimeshapunguza."

"Punguza tena!"

Nilipita. Hakuna kilichotokea. Nilipanda mlima, nikashuka tena, mwendo ule ule. Safari hii aliachia chuma akanishika kiuno, na nikahisi mwili wake wote umekaza, ukivuta upande wa pili wa kona. Pikipiki ilijaribu kwenda nje kidogo. Niliirudisha.

Mara ya tatu aliuliza, karibu na sikio langu, "Huu ni mwendo gani?"

"Labda nusu ya ule wako wa Ijumaa."

Nilisimama kando ya kalavati kwa sababu aliniambia nisimame. Alishuka, akatembea hadi kwenye kokoto. Alama ya tairi letu ilikuwa bado ipo, karibu na ukuta kuliko za wenzake, mistari mipya imejichora vizuri kwenye vumbi, ikipita sambamba na ukuta. Alichutama. Akauweka mguu wake kati ya ile alama na saruji, kwanza kwa urefu, haukuingia, kisha kwa upana. Kwa upana uliingia. Alikaa hivyo muda, akiangalia kiatu chake.

"Ndizi, wanangu?" mama alituita. "Au mmekuja kupima barabara?"

"Tunapima tu, mama," nilimjibu.

Mdogo wangu aliinuka akapangusa magoti. Akarudi hadi kwenye pikipiki, akasimama upande wa pili wake, mkono juu ya kiti.

"Ukiingia," alisema, "unaangalia wapi?"

Kwa miaka yote ile hakuwahi kuniuliza chochote kuhusu kuendesha. Nilimwambia naangalia pale mbali kabisa barabara inapojificha, na kadiri inavyojifungua naendelea kuifuata kwa macho. Siangalii ukuta wala muwa. Nikishauangalia ukuta, mikono inaenda ukutani.

Alifikiri.

"Mimi naangalia watu," alisema.

Nilimpa ufunguo. Nilipanda nyuma, magoti nikabana alivyonifundisha. Tulipanda mlima mara nyingine, akageuza, tukashuka. Breki ilikuja mapema, mapema mno, pikipiki ikawa inatambaa hadi ikayumba, na tulikuwa bado hatujaikaribia kona wakati mtu wa baiskeli mwenye mitungi miwili ya maziwa alipotupita upande wa kulia akibonyeza kengele.

"Kijana!" alipaza sauti. "Kwani mmeishiwa petroli?"

Mama wa ndizi akacheka kwa sauti, akapiga makofi. Nilingoja. Nilihisi mkono wa kulia wa mdogo wangu ukikaza kwenye usukani, mkono wa mafuta, na shingo yake ikibadilika rangi. Baiskeli ilikunja kona mbele yetu, mitungi ikigongana, ikapotea.

Hakuongeza mwendo.